YASMIN NI KAMBA AU NI MVUTAJI?

Mwalimu mlezi wa chama amenipa kurasa hizi ili nifundishe kidogo juu ya usawiri wa wahusika. Nilidhani ningemaliza kwa jioni moja, maana usawiri ni mambo ya daftari: mwandishi amemchoraje mhusika kwa maneno yake, kwa matendo yake, na kwa yale ambayo wengine wanayasema juu yake. Hayo nimeyakariri tangu Kidato cha Pili na ukiniamsha usiku nitakuambia. Lakini muhula uliopita jambo hili la daftari lilitoka daftarini likanikaa kooni, na sasa siwezi kulieleza bila ya kuanza na kosa langu mwenyewe.

Chama chetu kiliamua kuigiza sehemu ya riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota huko Dar es Salaam mwaka 1999. Si kitabu chetu cha mtihani, na kwa sababu hiyo tulikipenda zaidi, kwani hakuna aliyetuuliza sifa tano za mhusika huyu au yule. Ni hadithi ya mapenzi. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, anakutana na Denge, kijana Mwafrika aliyesoma Urusi, ambaye anaupinga utawala wa Waingereza kwa siri na polisi wanamwinda kila kukicha. Mapenzi, polisi, makaratasi yaliyopigwa marufuku! Nani asingetaka kuigiza hayo? Mimi nikajitolea kuandika mchezo, kwa kuwa mimi ndiye katibu na ati nina mwandiko mzuri.

Shule yetu ni ya kutwa, hapa Kisumu. Katika darasa letu la watu 52 Mhindi ni mmoja tu, msichana, anakaa dawati la tatu karibu na dirisha. Jina lake sitalitaja kwa sababu hakuniomba nilitaje. Siku ya kugawa sehemu, tulipofika kwa Yasmin hapakuwa na mjadala wowote. Watu wote waligeuza shingo wakamtazama yeye. Naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tangu Kidato cha Kwanza hamjanipa hata sehemu ya mti. Leo mmepata Mhindi kitabuni ndipo mmenikumbuka."

Tukacheka. Tulidhani ni mzaha. Akaomba mchezo niliouandika akauchukua kwenda kuusoma nyumbani.

Jumatatu asubuhi niliukuta juu ya dawati langu. Alikuwa ameupitia wote kwa kalamu nyekundu, na hakusahihisha tahajia. Alikuwa amepigia mstari vitenzi, tena vitenzi vya Yasmin peke yake. Navinakili hapa kama vilivyokuwa: anavutwa, anafungiwa, anapigwa, anafukuzwa, anachukuliwa, anaokolewa, anapendwa. Vitenzi saba na vyote vinaishia kwa -wa. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho aliandika maneno matatu: "Huyu ni kamba?" Baada ya hapo hakuja chamani kwa Alhamisi tatu.

Basi, hapa ndipo somo letu linapoanza.

Sote tumefundishwa mnyambuliko wa vitenzi. Tenda, tendwa, tendea, tendesha, tendana. Tunaufanyia mazoezi kama hesabu, tunapata alama zetu, tunaufunga kwenye mkoba. Lakini hebu tuchukue kitenzi kimoja tu, oa, tukifuate taratibu. Mwanamume huoa. Mwanamke huolewa. Mzazi huoza (na msinicheke, ni neno lile lile tunalolitumia kwa embe lililokaa sana), na yule binti ambaye hakuulizwa, yeye huozwa. Halafu liko umbo moja ambalo watu hawalitumii sana: wawili wakipatana, wao huoana. Tazama basi jinsi lugha ilivyotupimia nafasi ya kila mtu! Katika kuozwa wako watu wawili au watatu wanaotenda, na binti si mmoja wao. Katika kuoana wako wawili, na wote wawili wanatenda. Kupenda nako ni vivyo hivyo. Kupendwa mtu anaweza kupendwa akiwa amelala usingizi. Kupendana hakuwezekani mmoja akiwa hayupo.

Sasa lirudie jina la kitabu. Vuta n'kuvute, yaani wewe vuta na mimi nikuvute. Ni mchezo wa kamba, na wenye kucheza ni wale walioishika. Anayesema maneno hayo ana mikono na miguu imejikita ardhini. Rafiki yetu wa dawati la tatu aliuliza swali ambalo mimi, niliyekisoma kitabu mara mbili, sikuwa nimejiuliza: katika mvutano wote huu wa wazazi, mume, mpenzi, polisi na siasa, Yasmin ni mmoja wa wavutaji au ni ile kamba?

Ili tujibu inatupasa kwanza tuijue Unguja ya wakati huo, kwa sababu mapenzi haya hayakutokea hewani. Waingereza waliitia Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890, Sultani akabaki na kiti chake na wao wakabaki na amri. Mji wenyewe ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, walikokaa Waarabu, Wahindi na Wazungu. Upande wa pili, baada ya mkono wa bahari, palikuwa na vibanda vya Waafrika na maskini wengine, na jina lake ni Ng'ambo mpaka leo, ingawa ule mkono wa bahari ulifukiwa zamani na sasa inapita barabara. Fikiria kuishi mahali ambapo anwani yako yenyewe inasema wewe ni wa upande ule! Miaka ya hamsini ilipofika, siasa zilianza kuchemka. Chama cha ZNP kilianzishwa mwaka 1955 na ASP mwaka 1957, na Julai ya mwaka huo huo wa 1957 ukafanyika uchaguzi wa kwanza. Kila mtu akawa anaulizwa kwa macho kama si kwa mdomo: wewe ni nani, na uko upande gani? Juni 1961, siku ya uchaguzi, zilizuka fujo wakafa watu 68. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, ambayo hayakufika hata siku arobaini baada ya bendera kupanda.

Riwaya inasimuliwa kabla ya hayo ya mwisho, wakati Mwingereza bado yuko na watu wa rangi zote wana la kumdai. Ndani yake Yasmin anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa kumzaa. Angalia kitenzi nilichokitumia. Hapo mwanzo kweli Yasmin ni kamba. Wazazi wanaishika huku, mume anaishika kule, na watu wa jamaa wanapiga makofi. Mimi nina miaka 16. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka watu wawe na miaka 18 na wote wawili wawe na hiari, lakini tusidanganyane, tunawajua wasichana waliotoka nasi Kidato cha Kwanza ambao hawakurudi, na hawakuhamia shule nyingine.

Lakini Adam Shafi hamwachi hapo, na hapa ndipo mimi nilipokosea nilipokuwa nikiufupisha mchezo. Yasmin anapelekwa Mombasa na mumewe, na kutoka huko anaondoka. Haibwi na mtu, haokolewi na mtu. Anaondoka mwenyewe, anarudi Unguja kwa miguu yake na kwa woga wake, na ndugu zake wanapomfungia mlango anavuka kwenda Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma. Hesabu: anaondoka, anarudi, anavuka. Hivyo ni vitenzi vya mtu aliyeishika kamba. Katika mchezo wangu safari hiyo yote niliiweka katika sentensi moja ya msimulizi, tena ya haraka haraka, ili tufike kwa Denge. Nilitaka mapenzi. Nilisahau kwamba kama Yasmin hangeondoka kwa Raza kwa nguvu zake mwenyewe, basi Denge angekuwa mwanamume wa pili tu wa kumchukua.

Na Mwajuma je? Ukisoma kwa pupa utamwona kuwa ni rafiki tu wa mhusika mkuu, yule anayekuwapo katika kila hadithi ili kumpa mwenzake chai na bega la kulilia. Mimi nilimpa mistari minne, na katika miwili alikuwa anauliza, "Sasa utafanyaje?" Lakini mtazame tena. Mwajuma ni Mwafrika, maskini, mwanamke, wa Ng'ambo, yaani kwa hesabu ya utawala ule alikuwa chini ya kila ngazi. Na bado katika mji mzima ni yeye aliye na mlango wa kumfungulia Yasmin. Ndugu wenye majumba ya mawe hawakuweza kumpa msichana wao pa kulala, Mwajuma akaweza. Kukaa kwake, kutoka kwake, kucheka kwake, kwenda kwake ngomani, hakuna aliyemwandikia ruhusa. Kwa hiyo Yasmin hajifunzi uhuru kutoka katika makaratasi ya Denge kwanza. Anajifunza kutoka kwa mwanamke mwenzake mwenye chumba kimoja. Haya ni maoni yangu, na anayebisha aandike toleo lijalo.

Kuhusu Denge sina mengi, kwa sababu wavulana wa chama wamekwisha kumsifu mpaka amechakaa. Ni shujaa, ni msomi, hana kazi kwa sababu ya siasa zake, na Inspekta Wright hampi pumzi. Jambo moja tu ningependa tuliangalie. Katika hadithi nyingi za mapenzi zilizowekwa katikati ya vurugu za siasa, mwanamke ni zawadi. Shujaa akishinda anapewa. Akishindwa, mwanamke anabaki kumlilia kaburini. Adam Shafi hakufanya hivyo. Denge ameposwa na mapambano kabla hajaposwa na mtu, na mwisho wa mambo Yasmin hamalizi maisha yake naye, bali anaolewa na Bukheti, kijana wa Mombasa. Nakumbuka darasa zima lilivyonung'unika tulipofika hapo. Mimi nilinung'unika kuliko wote. Nikasema huu si mwisho wa mapenzi. Nikashika kalamu nikaubadilisha: katika mchezo wangu Denge na Yasmin walifunga ndoa kwa vigelegele na pazia likashuka.

Niliposoma ile kalamu nyekundu kwa mara ya pili ndipo nilipoona nilichokifanya. Mwandishi alikuwa amempa Yasmin nafasi ya kuchagua, hata kuchagua kusikotupendeza sisi wasomaji. Mimi, msichana mwenziwe, nikamwoza mara ya pili.

Wapo watakaosema, kwani kuna ubaya gani? Mhindi na Mwafrika wakioana si ndio umoja wenyewe? Si ndio kuchanganyika tunakokuhubiri kila siku gwaridani? Nitawajibu kwa jambo lililotokea kweli, katika visiwa vile vile. Baada ya Mapinduzi, serikali ya Rais Abeid Karume ilisema inataka kuvunja kuta za rangi kwa njia ya ndoa. Mwaka 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, wanaume waliowazidi umri kwa mbali. Wazazi wao walikataa, na dunia ikapiga kelele. Kwa nje ungesema ni picha nzuri, rangi mbili katika chumba kimoja. Lakini kitenzi chake ni kile kile cha Bwana Raza. Wasichana wale waliozwa. Tofauti ni kwamba Yasmin aliozwa na jamaa zake ndani ya rangi yake, na wale waliozwa na serikali nje ya rangi yao, na mara zote mbili hakuna aliyemuuliza binti.

Sijui kama msomaji mwenzangu unaona uzito wa jambo hili kwa mwandishi. Adam Shafi ni Mzanzibari wa kuzaliwa. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Adam Shafi alikuwa miongoni mwa wengi waliokamatwa na kutiwa ndani, na riwaya yake ya Haini, ya mwaka 2003, imetokana na mambo hayo. Mtu aliyeyaona hayo yote, aliyeijua ile habari ya mwaka 1970, alipokaa kuandika juu ya msichana wa Kihindi na mvulana wa Kiafrika alikuwa anaandika juu ya kitu kilichokuwa kimekwisha kuharibiwa kwa mabavu. Ndiyo maana, mimi naona, akawaachia wapendane bila ya kuwalazimisha waoane.

Kuna na filamu. Mwaka 2021 Amil Shivji, Mtanzania ambaye mwenyewe ana asili ya Kihindi, aliitengeneza riwaya hii kuwa filamu kwa lugha ya Kiswahili, na ikaonyeshwa katika tamasha kubwa la filamu la Toronto, Kanada. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania Oscar. Yasmin ameigizwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge na Gudrun Columbus Mwanyika, na Mwajuma na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Hili la kumpa mwimbaji wa kweli sehemu ya Mwajuma lilinifurahisha mno. Kumbe Mwajuma akipewa mtu mwenye sauti, hawezi tena kuwa wa mistari minne!

Chamani tulibishana sana juu ya filamu hiyo. Mmoja akasema, basi imethibitika, Mhindi lazima aigizwe na Mhindi, na rafiki yetu wa dirishani hana budi. Mwingine akasema kuigiza ni kujifanya usiyekuwa, ama sivyo tungetafuta fisi wa kweli wa kuigiza fisi. Mimi nadhani wote wawili waliruka swali. Katika filamu inayokwenda duniani kote, watu ambao hawajazoea kujiona katika picha zetu wakinyang'anywa hata ile sehemu moja iliyo yao, huo ni wizi. Lakini kumkamata mtu kwa shingo ukamwambia wewe ni uso tunaouhitaji, njoo, huko nako si kumpa nafasi. Ni kumvuta. Mwenye uso aulizwe.

Na nimeahidi kusema kosa langu lote, kwa hiyo nitalisema. Bwana Raza wa mchezo wangu alikuwa anasema, "Veve nataka nini? Iko sukari, iko chumvi, hapana iko kopa." Haya hayakutoka kitabuni. Niliyatoa katika vichekesho ambavyo sote tumevisikia tangu tukiwa wadogo. Nilipoyasoma mbele ya chama watu walicheka mpaka wakagonga madawati, na mimi nikaona nimekuwa mwandishi. Yeye alikuwa amekaa pale pale, dawati la tatu. Kiswahili chake, kwa taarifa yenu, kinashinda changu. Kwa insha ya muhula wa kwanza alinipita kwa alama sita.

Jioni ile nilimsikiliza mama kwa masikio mapya. Mama ni fundi cherehani soko la Kibuye, na maisha yangu yote amekuwa akinituma, "Nenda kwa Mhindi uniletee uzi mweusi na zipu." Nimekwenda dukani humo labda mara mia. Mzee yule anajua jina langu, anajua nasoma shule gani, hata huniuliza mtihani umekuwaje. Mimi jina lake silijui. Namwita Mhindi, mama anamwita Mhindi, mtaa mzima unamwita Mhindi. Nilipomwuliza mama jina la mzee huyo, alisimamisha cherehani akafikiri. Akasema, "Yule? Yule ni Mhindi tu." Kisha akanisimulia jinsi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maduka ya mjini yalivyovunjwa na kuchomwa, mengi yakiwa ya Wahindi, na jinsi alivyopita kesho yake akaona vibweta vya uzi vimetapakaa barabarani rangi zote, na watu wanaokota. "Na wewe uliokota?" nikamwuliza. Mama akarudi kushona.

Wahindi wako Kisumu tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Julai 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Lakini katika michezo yetu ya shule, wakitokea, ni lazima wawe nyuma ya kaunta. Hakuna aliyewahi kutuandikia mchezo juu ya Makhan Singh, aliyesimama Kaloleni, Nairobi, mwezi Aprili 1950 akadai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani, akawekwa kizuizini mwaka huo huo mpaka 1961. Wala juu ya Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari wa asili ya Goa, naye aliyefungwa na mkoloni, kisha akauawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Hao ni akina Denge, na sura zao ni za akina Yasmin. Ukitaka kujua jamii moja imesawiriwaje na jamii nyingine, usihesabu wamo wangapi. Tazama wanaruhusiwa kufanya nini.

Alhamisi ya nne nilimfuata darasani baada ya kengele. Nilikuwa nimeuandika mchezo upya. Kopa ya Raza nimeiondoa, safari ya Mombasa sasa ni onyesho zima, ile harusi yangu nimeichana, na Mwajuma ana kurasa tatu. Nikamwambia, "Sikuletei sehemu yoyote. Nimekuletea usome." Akausoma akiwa amesimama, mkoba begani, na mimi nimesimama mbele yake kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Alipofika mwisho akaniuliza kama sehemu zimekwisha kugawanywa. Nikamwambia bado.

"Basi mimi nataka kuwa Mwajuma," akasema. "Ndiye mwenye ufunguo wa nyumba."

Mwalimu mlezi alipata hila nzuri ya kumaliza maneno. Kila aliyetaka sehemu alisimama nyuma ya mlango wa darasa, akasoma kwa sauti bila ya kuonekana, na sisi ndani tukapiga kura kwa kusikia tu. Mwajuma alipatikana mara moja, na mlango ulipofunguliwa ni yeye yule. Yasmin tulimpigia kura mara mbili kwa kuwa sauti zilikaribiana. Mwishowe nikapata mimi, mrefu kama mnazi, mweusi, mtu wa Nyalenda, na nikaona haya kuipokea. Nikamtazama yeye kwanza. Akaniambia niipokee lakini nisijitie kuzungumza kwa lafudhi yoyote ila ile niliyozaliwa nayo, na kwamba katika onyesho la kuondoka Mombasa nisilie. Natembea vibaya, anasema. Ati natembea kama mtu anayesukumwa. Tumelirudia onyesho hilo mara tisa na bado hajaridhika.

Mazoezi ni kila Alhamisi saa kumi alasiri katika darasa la Kidato cha Tatu. Denge tunao watatu na wote wanagombana. Inspekta Wright yupo, ni mdogo wa kimo lakini anapiga kelele vizuri. Hadi ninapoandika makala haya hakuna aliyekubali kuwa Bwana Raza. Anayetaka na aje, mvulana wa darasa lolote, lakini ile "veve" yake aiache nyumbani.